Ukoo Usiokula Utumbo

Baba yangu, Ta Byarugaba, ni fundi cherehani wa Rwamishenye, Bukoba, na ni mwembamba. Naanza na wembamba wake kwa sababu ndio ulioanzisha ubishi wote. Mkanda wake una tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari, na suruali zake huzibana pembeni ili asionekane ameazima za mtu. Tepu ya kupimia huning'inia shingoni mwake tangu anapofungua kibanda asubuhi. Siku moja alikwenda nayo kanisani na akapokea komunyo nayo. Padri hakusema kitu, kwani hata kanzu aliyovaa siku hiyo ilishonwa na Baba.

Kwa hiyo Daktari Jovitha alipomwambia kwamba damu yake ina mafuta mengi, Baba alisimama, akavua tepu, akajizungushia kiunoni.

“Daktari, soma hapo.”

“Mzee, kaa tu.”

“Soma. Ni inchi zile zile tangu nioe, muulize mke wangu huyu hapa. Sasa hayo mafuta yako wapi?”

“Yako ndani ya damu. Hayapimwi kwa tepu.”

“Mwenye mafuta ni Buberwa. Umempima Buberwa?”

Mama alimvuta shati akae. Buberwa ana bucha jirani na kibanda cha Baba, na akiingia mlangoni huingia kwa ubavu. Alikuwa amepimwa wiki moja kabla na mafuta yake yalikuwa sawa kabisa. Habari hiyo aliitangaza buchani kama mtoto aliyefaulu kwenda sekondari, na kila mteja aliyenunua nusu kilo aliondoka nayo.

Mimi nilikuwepo kwa sababu Mama alinitaka niwasindikize. “Wewe umesoma, utaelewa wanachosema,” aliniambia. Nilisomea fasihi. Lakini kwa Mama elimu ni elimu, hivyo nilikaa kwenye benchi la pembeni nikaitikia kwa kichwa kila daktari alipotaja neno refu.

Daktari Jovitha alikuwa na subira. Alieleza kwamba mafuta hayo huitwa lehemu, kwamba mengine mwili huyatengeneza wenyewe na mengine mtu huyarithi ukooni kama anavyorithi pua. Yakizidi huganda kwenye mishipa kidogo kidogo, na mtu hasikii chochote mpaka siku moyo au ubongo unapokosa damu. Akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kupata kiharusi.

Mama ndiye aliyejibu. Kaka yake Baba, Ta Kamala, alianguka mwaka juzi akiwa anakata mkungu wa ndizi. Zamani alikuwa mcheza ngoma ambaye harusi haikuisha bila yeye. Sasa mkono wake wa kushoto hulala mapajani kama kitu alichokabidhiwa amtunzie mtu, na maneno humtoka moja moja. Babu yetu naye alikufa ghafla shambani, kwenye kahawa, na hakuna aliyewahi kujua ni nini.

“Basi mimi nashauri dawa,” alisema daktari. “Inaitwa atovastatini. Kidonge kimoja kila siku.”

“Mpaka lini?”

“Kwa kawaida, moja kwa moja.”

“Na nikimeza nitasikia nafuu wapi?”

“Hutasikia nafuu, kwa sababu huumwi. Dawa hii inapunguza uwezekano wa jambo ambalo halijatokea.”

Baba alifikiri. Ni mtu wa mabishano, na hapo aliona mlango.

“Nisipoanguka, nitajuaje kwamba ni dawa iliyoniokoa na si Mungu tu?”

“Hutajua.”

“Kwa hiyo nitakuja hapa kila mwezi kukushukuru kwa jambo ambalo halikutokea.”

“Ndiyo, mzee,” alisema Daktari Jovitha. “Mimi nitafurahi sana.”

Walipatana. Baba angepewa miezi mitatu ya kujirekebisha kwa chakula: aache utumbo, maini, ngozi ya kuku na nyama ya mafuta, ale samaki, maharage na mboga. Akirudi mwezi Desemba na damu imekaa vizuri, wangezungumza upya. Ikiwa vile vile, atameza kidonge bila kuleta tepu. Wakapeana mikono.

Njiani Baba alituonya. “Habari hii isitoke nje ya nyumba.” Hakuhitaji kueleza. Mkoani kwetu mtu akisikika anatakiwa kumeza kidonge kila siku ya maisha yake, majirani hawamuulizi anaumwa nini, wanaimalizia hadithi wenyewe. Tena alikuwa na sababu ya pili. Mbali na ushonaji, Baba ni msemaji. Familia ikitaka kuposa humfuata yeye akaongee kwa niaba yao, kwa sababu anajua kuomba binti wa watu huku akionekana kama ndiye anayewafanyia hisani. Na watu hawapendi msemaji mgonjwa. Wanataka mtu anayeonekana kwamba harusi yenyewe ataifikia.

Tatizo ni kwamba msemaji hulishwa. Tena hulishwa wa kwanza.

Wiki ya pili tu ya mapatano yale, Baba alikwenda kuwasemea watu Hamugembe, kwenye nyumba ya mama mmoja aitwaye Ma Paskazia. Maneno yalikwenda vizuri. Kisha Ma Paskazia akaleta sahani ya heshima: ebitooke, yaani ndizi zetu za kupika, zilizopikwa na utumbo wa ng'ombe, mafuta yakiwa juu yanameta kama ziwa saa nane mchana. Baba aliitazama. Anasema aliona uso wake humo. Akaisogeza mbele kidogo kwa kidole kimoja.

“Ta Byarugaba,” alisema Ma Paskazia taratibu, “kuna nini kwenye chakula chetu?”

Kwetu swali hilo halihusu chumvi. Mgeni anayekataa chakula anawaambia wenyeji kwamba anaogopa kuna mkono wa mtu ndani yake. Baba hakuweza kusema daktari amemkataza, na hakuweza kula. Alitafuta neno, na neno lililomjia ni lile ambalo hakuna Mhaya anayebishana nalo.

“Omuziro,” alisema.

Omuziro ni mwiko wa ukoo. Kila ukoo kwetu una kitu chake usichokila, na mtu hakionji hata kwa utani. Wetu ni kamongo, yule samaki wa matopeni, na kila mtu nyumbani analijua hilo. Ma Paskazia hakulijua. Alipiga magoti pale pale akaomba radhi, akaiondoa sahani kwa mikono miwili, akarudi na sangara wa kuchemsha na maharage. Uso wake uling'aa.

“Kumbe!” alisema. “Karibu nyumbani, kaka.”

Baba alidhani ni ukarimu wa Hamugembe. Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

“Nimepata dawa isiyo na kidonge,” alimwambia Mama.

Mama alipoelezwa aliweka mwiko wa kusongea chini. “Byarugaba, siku nilipoolewa hapa ulikula utumbo wako, ukala na wa mpiga ngoma.”

“Ndiyo maana leo nauacha.”

“Na Mungu je?”

“Mungu anajua omuziro wangu. Hilo neno nimewaambia watu, sikumwambia yeye.”

Kuanzia hapo ikawa rahisi. Kila msibani na kila harusini Baba aliinua kiganja tu na kusema kwa adabu, “Omuziro, waitu,” na sahani iligeuka. Utumbo ukafuatwa na maini. Maini yakafuatwa na ngozi ya kuku. Ukoo wetu, ambao kwa miaka yote uliridhika na kamongo mmoja, ukawa na miiko mingi kuliko seminari. Ma Paskazia naye hakumsahau. Akipita Rwamishenye humletea karanga au parachichi kibandani. “Kaka hajambo?” huuliza, na Baba, ambaye hapendi kumharibia mtu furaha, huitikia, “Sijambo, dada.”

Nisiseme uongo kwamba alikuwa anafuata masharti yote. Mwezi Novemba senene walishuka. Asiyewajua senene ni vigumu kumweleza: ni panzi wa kijani wanaokuja na mvua, na Bukoba nzima hukesha nao. Mama alikaanga sufuria. Baba alichota kwa kiganja, akachota tena.

“Baba,” nilisema kwa sauti ndogo, maana si kawaida yangu kumkatiza mtu akila, “senene wana mafuta.”

“Nani kakuambia?”

“Mama hajaweka mafuta kwenye sufuria. Hayo wanayoogelea ni yao.”

Aliwatazama, akaendelea kutafuna huku akitafakari. “Senene anakula nini?”

“Majani.”

“Na mimi nakula senene. Kwa hiyo nakula majani.” Akachota. “Daktari alisema nile mboga.”

Nilisoma miaka mitatu chuo kikuu, nikachota na mimi.

Mwezi huo huo kaka yangu Avit akatuletea habari: amepata mchumba. Anaitwa Dativa, muuguzi, kwao ni kijiji kimoja karibu na Rubya, wilaya ya Muleba. Avit si mtu wa kusema mambo yake, lakini alilitaja jina hilo mara nyingi mpaka Mama akamwambia ale kwanza. Tulituma watu kuulizia. Nyumba nzuri, watu wa kanisa, wana kahawa na migomba, na ukoo wao jina lake si kama letu. Mwanzoni mwa Desemba tukakodi gari dogo tukaenda kuposa. Kipimo cha pili cha Baba kilikuwa wiki iliyofuata.

Siku ile Baba aliteseka kabla hata mambo hayajaharibika. Mtu hawezi kujisemea kwenye posa ya mwanawe, kwa hiyo msemaji alikuwa binamu yake, na Baba alipaswa kukaa kimya sebuleni kwa watu. Kila binamu alipokosea mpangilio wa maneno, Baba aliikaza tepu shingoni. Pembeni yake alikaa Ta Kamala, tuliyemleta kwa sababu ndiye mkubwa wa nyumba, mkono wake mapajani. Mimi na Mama tulikaa mkekani karibu na mlango wa ndani, na kwenye upenyo wa pazia niliweza kuuona mguu wa Dativa, umevaa kiatu cheupe, ukitikisika.

Upande wao alisema Ta Clavery, baba mdogo wa Dativa, mzee mwenye sauti kama mlango mzito. Alipokea maneno, akauliza, akakubali, akacheka. Yalibaki mambo madogo. Akasema, “Sasa mashangazi waingie wawasalimie wakwe.”

Pazia likafunguka, na wa kwanza kuingia alikuwa Ma Paskazia wa Hamugembe.

Alimwona Baba. Akapiga kigelegele, halafu akakikata katikati. Mikono yake ikashuka.

“Mawe!” alimwita mama yake kwa Kihaya. “Huyu ndiye baba wa kijana?”

“Ndiye,” alisema Ta Clavery.

“Huyu ni kaka yangu! Ni mtu wetu. Hali utumbo!”

Nitaeleza kilichotokea humo ndani, kwa sababu kilitokea kimya kimya. Omuziro wa nyumba ile ulikuwa ni utumbo, wa kweli, tangu mababu. Jina la ukoo linaweza kubadilika kwa watu kuhama, lakini mwiko haubadiliki, na wale wenye mwiko mmoja huhesabiwa kuwa ndugu. Ndugu hawaoani. Ma Paskazia, aliyeolewa Hamugembe kwa watu wanaoula, huwapikia utumbo bila yeye kuuonja, na miezi yote ile alikuwa akimpelekea karanga ndugu yake.

Ta Clavery alivua miwani. “Basi hawa watoto ni kaka na dada. Tumshukuru Mungu kwa kutuonyesha mapema. Wageni wetu mtakula, kisha mtakwenda salama.”

Nyuma ya pazia kiatu cheupe kikatulia. Avit aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mama alimtazama Baba tu, na sijawahi kumwona mtu akitazamwa vile.

Baba akasimama.

“Ta Clavery,” alianza, “miiko inaweza kufanana kwa bahati…”

“Haifanani kwa bahati.”

“Au mtu anaweza kuuchukua kwa heshima…”

“Omuziro hauchukuliwi, Byarugaba. Wa kwenu ni upi?”

Baba alimtazama Avit. Kisha alivua tepu shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni, na nikajua kwamba sasa atasema kweli.

“Ni kamongo,” alisema. “Utumbo nakula. Naupenda. Nilidanganya Hamugembe kwa sababu daktari alinikataza na niliona aibu kusema.”

“Ulidanganya omuziro?” Ma Paskazia alishika kifua. “Na karanga zangu ukala?”

“Nilikula, dada.”

“Usiniite dada!”

Ta Clavery hakuamini. Mtu aliyedanganya juu ya mwiko ili asile, alisema, anashindwaje kudanganya tena ili mwanawe aoe? Akageuka kwa Ta Kamala. “Wewe ni mkubwa wake. Sema wewe.”

Ta Kamala alianza. Kinywa chake kilitafuta herufi ya kwanza, kikaikosa, kikaitafuta tena. Tulingoja. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na mate yakamponyoka pembeni ya mdomo, na Baba akayafuta kwa kitambaa chake bila kufikiri, kama anavyofanya kila siku.

“Ka… mongo,” alisema mwishowe. Akapumzika. Halafu akaongeza, “Utumbo… huyu… anakula… sana.”

Watu wakacheka, hata mashangazi. Lakini Ta Clavery alitaka ushahidi wa macho, na wazee wake wakamuunga mkono: asiye na mwiko wa utumbo aule mbele yao. Kwa kuwa nyumba ile haiwezi kuingiza utumbo, mtu alitumwa kwa jirani, na Baba akapelekwa nje, akakalishwa kwenye kigoda upande wa pili wa uzio ili hata mvuke usivuke. Ukoo mzima ulisimama ndani ya uzio ukimwangalia. Jirani akaleta bakuli.

Baba alikula tonge la kwanza kwa huzuni, kama mtu anayetia saini. La pili alilitafuna polepole. Alipofika katikati alikuwa amesahau kwamba anatoa ushahidi. Alifumba macho, akalipangusa bakuli kwa kipande cha ndizi, akamuuliza jirani kama amebakiza.

“Inatosha,” alisema Ta Clavery. “Huyu si ndugu yetu.”

Avit alikaa chini kwenye nyasi. Mama alianza kupiga kigelegele, lakini Ta Clavery aliinua mkono. Kulikuwa na faini ya kudanganya omuziro, alisema, na faini lazima ilipwe kabla binti hajatolewa. Tulirudi ndani. Baba alijiandaa kusikia mbuzi, labda wawili.

“Ma Edvina,” mzee alimwambia Mama, “kaka yake huyu aliugua nini?”

“Kiharusi, waitu.”

“Na huyu daktari alimkataza utumbo kwa nini?”

Mama alisema yote. Mafuta kwenye damu, kidonge, tepu, mapatano, hata senene. Baba alikuwa anamkonyeza, lakini Mama alikuwa ameanza na hakuna gari lililokodiwa ambalo lingeweza kumsimamisha.

Ta Clavery alimtazama Ta Kamala, kisha Baba.

“Faini ni hii. Umeze hicho kidonge. Dativa ni muuguzi, lakini hatumtoi hapa akamuuguze mkwe ambaye dawa anayo na anaikataa. Siku ukiacha, tunamchukua binti yetu mpaka umeze.”

“Kila siku?” Baba aliuliza.

“Binti yetu atakuwa kwenu kila siku.”

“Na dawa hiyo ina maudhi,” alisema Baba, ambaye sasa alikuwa amepata nguvu za utumbo. “Inaweza kuleta maumivu ya misuli.”

“Ikileta utamwambia daktari,” sauti ilitoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Dativa, na haikutikisika. “Atapunguza au atabadilisha. Usiache mwenyewe, Baba.”

Mchumba hasemi siku ya posa. Wazee walijifanya hawakusikia. Baba alisikia, na nadhani kilichomshinda si faini, bali ni kuitwa Baba na mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa karibu amkose.

“Nimekubali,” alisema.

Wiki iliyofuata Daktari Jovitha alisoma kipimo cha pili. Mafuta yalikuwa yamepanda. Alimuuliza Baba alikuwa anakula nini, na Baba akasema mboga. “Mboga gani?” Mama akamjibia: “Zenye miguu.”

Avit na Dativa walifunga ndoa baada ya Pasaka, na wamepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu. Kila jioni Dativa huja na glasi ya maji na kidonge kwenye kisahani. Hupiga magoti kama ilivyo desturi mbele ya mkwe, na mkwe hawezi kumwacha mke wa mwanawe amepiga magoti huku yeye akibishana. Amejaribu. Jioni moja alisema mashavu ya miguu yanamuuma, bila shaka ni dawa. Dativa alibaki magotini akamuuliza alifanya kazi gani wiki ile. Alikuwa amekanyaga cherehani kutwa nzima kumalizia sare za kwaya. Walikwenda hata hivyo kwa daktari, akapimwa, ikaonekana ni cherehani.

Majirani, kama alivyoogopa, walitaka kuimalizia hadithi wenyewe, lakini hawakuwahi. Ma Paskazia aliwahi kufika Rwamishenye kabla yao na kuieleza yote, bakuli na uzio, buchani kwa Buberwa, mbele ya foleni. Siku hizi wateja humuuliza Baba kama suruali nazo ni omuziro. Familia zinazoposa bado zinamwita. Akiwekewa utumbo husema, “Mafuta ya damu, waitu,” na wenyeji humletea maharage huku wakimwuliza kidonge chake kinaitwaje, maana wao pia wana baba.

Kipimo cha mwisho kilishuka vizuri. Daktari Jovitha alimwonyesha tarakimu, na Baba akamshukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Njiani, tulipokaribia nyumbani, akaniambia kwa sauti ya chini, asisikike na mke wa mwanawe, kwamba kwa maoni yake waliokishusha ni senene.